Hawa, Habari Yako Ilisomwa ya Kwanza

Hawa, shoga yangu,

Arobaini yako tumeimaliza juzi. Mama yako alipika pilau la watu wengi kuliko waliokuja, akanifungia sahani mbili nije nazo Tegeta. Moja nimeila. Nyingine bado imo kwenye friji, siwezi kuila na siwezi kuitupa. Nilikuwa nimejiapiza kwamba arobaini ikipita sijakuandikia, basi nitanyamaza moja kwa moja. Nimeshindwa. Kuna mambo mawili lazima uyajue. La kwanza ni kosa langu. La pili ni la baba yako, na hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Nianze na redio, maana najua ungeniuliza.

Siku uliyofariki, taarifa ya habari ya saa saba mchana ilianza na wewe. Ya kwanza kabisa, Hawa. Kabla ya waziri, kabla ya mvua, kabla ya mpira. Niliisoma mwenyewe: "Bingwa wa taifa wa mbio za baiskeli za barabarani kwa wanawake, Mwanahawa Shomari, amefariki dunia." Nikamaliza sentensi bila sauti kukatika. Wenzangu wa ofisini wanasema nilikuwa jasiri. Haukuwa ujasiri. Nilikuwa sijaanza kuelewa. Nilielewa baadaye chooni, nimeshika bomba la maji kwa mikono miwili, na mtu wa usafi ananigongea mlango akisema, "Sista, uko salama?"

Lakini siku ile ulikuwa umeshatajwa redioni kabla ya saa saba. Na hilo nalo niliandika mie.

Asubuhi nilikuwa zamu. Msikilizaji mmoja alipiga simu, akasema kuna jamaa wa baiskeli kagongwa na lori la mchanga, kabla hujafika Tegeta ukitokea Bunju, na magari hayatembei. Alisema "jamaa". Nami wala sikufikiria, maana wewe siku za kazi mazoezi yako ni upande wa Pugu, na hukuniambia kwamba wiki ile umeamua kwenda kuijaribu njia ya mashindano. Nikaandika: "Mwendesha baiskeli mmoja amegongwa na lori eneo la Tegeta na kusababisha foleni kubwa kuelekea mjini. Madereva wanashauriwa kutumia njia mbadala." Ikasomwa saa moja kamili. Nikaenda kununua chapati.

Na kusababisha foleni. Niliandika hivyo, Hawa. Wewe umelala pale pembeni mwa barabara, na mie nawahurumia wenye magari.

Mama yako ameniambia kwamba baba yako aliisikia ile habari akiwa anakunywa chai. Alishusha kikombe, akasema, "Maskini, mwenzetu huyo." Unamjua, kwake yeye kila aliye juu ya baiskeli ni mwenzake, tangu enzi zake za kusambaza mikate madukani. Halafu akaomba sukari. Simu ya polisi ilikuja saa tatu kasoro.

Sasa nikwambie kosa langu.

Unaikumbuka siku uliyorudi na ile medali. Uliificha kwenye mfuko wako wa nyuzi za kushonea kama umeiba, ukaitoa sebuleni wakati wa chai ya jioni. Mama yako alipiga kigelegele kimoja tu halafu akajiziba mdomo, akimtazama mumewe. Mzee Shomari akaigeuza medali upande huu na upande huu. "Bingwa wa nchi nzima?" Ukasema ndiyo, Baba. "Nchi nzima, na redio haijui?" Yule mzee asiyekosa taarifa ya michezo hata akiwa na homa, anayewajua kwa majina wachezaji wa nchi ambazo hajui ziko upande gani wa dunia. Akairudisha mezani. "Redio ikisema nitaamini. Mpaka hapo, hiki ni chuma."

Ulinisimulia kesho yake, tumekaa kwa yule mama wa mihogo ya kuchoma, chachandu imekujaa vidoleni. Ulikuwa unacheka unaposimulia, kama kawaida yako, kila jambo la kuumiza lazima kwanza ulichekee. Nikakupiga picha. Ukasema, "Hiyo futa, nimepanua mdomo kama kiboko." Kisha ukafuta vidole, ukasema: "Sitaki sifa, Eliwaza. Nataka Baba asikie."

Tangu tukae dawati moja sekondari hujawahi kuniomba kitu. Mie ndiye niliyekuwa naomba: hesabu, pedi, kanga ya kuazima, bega la kulilia nilipoachwa. Miaka yote niliyofanya kazi redioni hukuniambia hata siku moja nikutaje. Uliomba mara moja. Ukaomba kitu ambacho ndicho kazi yangu.

Nikaja Kiwalani na kinasa sauti, kwenye kile chumba chako cha kushonea. Ulikuwa umejifunga ushungi ule ule wa mbio, ule uliojishonea mwenyewe ukae vizuri chini ya kofia ngumu, eti ili sauti itoke ya kibingwa. Kila ndege ya abiria ilipopita juu ya bati uliinua kidole, ukasema, "Ngoja wapite hao wenye haraka." Tulirekodi dakika kumi na mbili. Nilirudi ofisini nakimbia.

Mhariri wetu unamjua kwa jina tu, yule tunayemwita Mzee wa Dakika. Aliahidi mbili, kwenye michezo ya jioni. Nikakupigia, nikakwambia leo, saa kumi na mbili na nusu, kaeni karibu. Nilisikia unavyowaita watu kabla hujakata simu.

Saa tisa alasiri Mzee wa Dakika alikuja mezani kwangu. Kulikuwa na tetesi kwamba mshambuliaji fulani yuko kwenye ndege anakuja kusaini mkataba. Akasema, "Eliwaza, ya baiskeli itasubiri. Baiskeli haiozi."

Saa tisa, Hawa. Nilikuwa na saa tatu na nusu. Simu ilikuwa hapo mezani, imeegemea kikombe. Ningesema nini? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa: ningesema nini. Nikajidanganya kwamba atabadili mawazo, kwamba yule mchezaji hatatokea. Na kweli hakutokea, hakuwahi kupanda hata hiyo ndege, lakini dakika zako alikuwa ameshazila. Saa kumi na mbili na dakika ishirini ukanitumia ujumbe: "Tupo tayari." Nikauona. Nikakujibu kwa kile kikatuni cha dole gumba.

Hukuwahi kunisimulia jioni ile ilivyokuwa. Mama yako ndiye aliyenisimulia, msibani, bila kujua anamchoma nani. Kwamba ulitoa stuli ukaiweka uani, juu yake ukaiweka redio ya baba. Kwamba alikaanga kalimati na majirani wa pande zote mbili waliitwa. Kwamba mpira ulisomwa wa hapa, ukasomwa wa Ulaya, ukarudi tena wa hapa, na kila habari ilipoisha ulisogea mbele kidogo kwenye mkeka. Likaja tangazo la sabuni. Baba yako akanyoosha mkono akazima redio, akasema, "Haya, tule."

Asubuhi ulinipigia wewe. Mie nilikuwa bado natafuta maneno. Ukasema, "Usijali, shoga. Tumesikiliza mpira wote. Mama sasa anamjua yule mshambuliaji mpaka kijijini kwao." Ukacheka. Na mie, badala ya kukwambia, nikasema mitambo ilisumbua, ilikatika ghafla, hatukujua la kufanya. Ukasema, "Mitambo nayo ina roho, muiache ipumzike." Nikaahidi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, halafu ikawa kitu ambacho wote wawili hatukitaji, kama deni la marehemu.

Haikuwa mitambo.

Nimeandika hayo maneno mawili nikasimama, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Haikuwa mitambo, Hawa. Nilijua tangu saa tisa.

Sasa sikia walivyokupenda ulipoondoka.

Tulikuzika siku ile ile, baada ya alasiri, na kabla jeneza halijatoka uani walikuwa wameshafika wenye kamera. Sijawahi kuwaona wanahabari wengi namna ile Kiwalani, hata yalipokuja mafuriko. Wengine walikanyaga mikeka na viatu. Mie nilikuwa upande wa wanawake, nimejifunga kanga ya mama yako, nikawaona wenzangu kwa jicho la mtu mwingine. Tunatisha, Hawa. Kumbe ndivyo tulivyo.

Walitafuta picha yako. Bingwa wa taifa, na hakuna chombo hata kimoja kilichokuwa na picha yako. Walikuja kwangu wakinong'ona. Nilikuwa nayo moja tu, ile ya muhogo. Sikuifuta, nisamehe na hilo. Basi nchi nzima imekuona hivyo, umepanua mdomo kama kiboko, chachandu kidevuni. Imewekwa mishumaa kila upande mitandaoni, imeandikwa "Shujaa wetu". Watu wasiokujua wanailia. Mie nikiiona nasikia unaniambia futa.

Yule kaka wa gereji karibu na kwenu, aliyekuwaga akikupigia kelele kila asubuhi kwamba mwanamke wa baiskeli hazai, naye amehojiwa. Amesema alikuwa akikupigia makofi ukipita. Mie ndiye niliyeshika kipaza sauti, maana ofisini walisema kwa kuwa nipo pale pale nifanye na kazi. Nilimtazama usoni. Nikamwacha aseme mpaka mwisho. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilijua sina tofauti naye.

Kiongozi mmoja alipewa nafasi ya kusema neno. Akasema taifa limepoteza lulu, akasema mtaa utapewa jina lako, akasema, "Dada yetu Mwanahamisi..." Watu wakatazamana. Akarudia, "Mwanahamisi ametuachia somo." Ndipo mama yako, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, akasema kutoka kule tulikokaa, kwa sauti ya mtu anayemrekebisha mtoto: "Hawa. Mwanahawa." Hakuinua hata kichwa. Kiongozi akasema samahani mama. Kamera zikamgeukia mama yako, na hiyo ndiyo sehemu iliyorushwa jioni kwenye televisheni zote.

Mtaa bado unaitwa vile vile, usijali.

Na jioni ya siku hiyo Mzee wa Dakika akanipigia. Akanipa pole, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli. Halafu akasema, "Yale mahojiano uliyomfanyia, yako wapi? Tunayaweka leo. Yote." Yote, Hawa. Dakika kumi na mbili zimepatikana. Mpira umesogea.

Nikamwambia nimeyafuta.

Ulikuwa uongo wangu wa pili kuhusu sauti yako, na huu siuonei aibu. Nisingeweza kuwapa. Ulikuwepo, ulikuwa hai, unapumua, umekaa kwenye mkeka unasogea mbele kidogo kidogo, na hawakukutaka. Nikaificha ile kadi ya kinasa sauti kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko.

Sikuisikiliza. Kila nikirudi kazini napika kwanza, nafua, napiga pasi hata mashuka. Wiki tatu nilikaa hivyo.

Kisha Alhamisi moja asubuhi walinzi wa getini wakaniita, wakasema kuna mzee anamtafuta yule binti wa Kipare anayesoma habari. Nikashuka. Baba yako, Hawa. Kanzu nyeupe, koti juu yake, kofia ya kufuma, na mguu wake ule anaoburuta. Alikuwa ametoka Kiwalani peke yake. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nikampeleka kantini, nikaagiza chai, hakuigusa.

Akasema, "Mama Hawa ameniambia ulimrekodi mwanangu. Ya ile siku tuliyokaa uani. Ipo?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nilikuwa nimeanza kutembea nayo kila mahali, sijui naogopa nani ataiiba. Ningeweza kusema ipo, nikampa, yakaisha. Lakini yule mzee alikuwa amepanda na kushuka magari na goti lile, na mie nilikuwa nimechoka kuwa mtu niliyekuwa. Nikamwambia, mzee, kabla hujasikia, kuna jambo. Nikamweleza yote. Tetesi, saa tisa, simu iliyoegemea kikombe, dole gumba, mitambo.

Akasema, "Saa tisa ulijua."

"Ndiyo, mzee."

"Na hukumpigia."

"Sikumpigia."

Wahudumu walikuwa wanapanga soda kwenye jokofu, chupa zinagongana, nami nikahesabu chupa ili nisilie. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Ningeyapokea. Ningeyataka hata.

Na hapa sasa, Hawa, ndipo penye lile jambo la pili. Tulia usikie vizuri. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza.

Alisema: "Mie nilijua siku ile ile aliyokileta kile chuma. Mwanangu hakuwa mwongo. Tangu mdogo, akivunja sahani anakuja nayo mkononi. Nilijua ni kweli."

Nikamuuliza, basi mzee, kwa nini ulimwambia vile? Nilisikia sauti yangu inapanda, watu wakageuka.

Akagusa goti lake. "Ile barabara naijua. Hili goti lilibaki huko. Nilikuwa na mikate mia, nikaona mataa, nikaamka hospitali. Nikasema nitamkataza, nikaona hapana, ukimkataza Hawa ndiyo umemtuma. Nikatafuta la kumchosha. Miaka yangu yote nasikiliza michezo, sijapata kusikia wakimtaja mtu wa baiskeli. Nikasema, hapo nimempata. Nitamwambia mpaka redio iseme. Atasubiri, atasubiri, atachoka, atarudi kwenye cherehani yake, atakuwa hai."

Halafu akasema tena, na hapa alinitazama kwa mara ya kwanza, macho yale makubwa kama yako: "Jioni ile walipokosa kumtaja, mie nilifurahi, mwanangu. Wote waliona nimekasirika. Niliposema haya tule, nilisema kwa furaha."

Kisha akalia. Sijawahi kumwona mzee wa makamo yale akilia mchana kweupe, kantini, mbele ya wahudumu. Hakujifunika. Aliacha tu machozi yashuke kwenye ndevu, kama mtu anayenyeshewa na hana pa kukimbilia. Nami nikalia. Tulikaa pale mie na yeye, wawili tuliokunyima kitu kimoja kwa sababu mbili tofauti, na chai ikapoa.

Ulitaka akuamini. Alikuamini, Hawa. Alikuamini kabla hujamaliza kusema. Ulipiga kilomita zote zile ukitafuta kitu ambacho kilikuwa kimekaa sebuleni kwenu kinakunywa chai. Hilo ndilo linalonivunja. Kuna siku nalishukuru, kuna siku nataka kwenda Kiwalani nimtikise yule mzee mabega. Lakini nimtikise kwa lipi, na mie je?

Nikampeleka chumba cha kurekodia. Nilimpa vile vya kuvaa masikioni, akakataa kuvua kofia, akavibandika juu yake. Nikawasha. Sijui nilitegemea nini. Alikaa wima kama yuko mbele ya hakimu. Ulipocheka mara ya kwanza mikono yake iliruka, akaishika meza.

Akasikiliza ulivyoeleza mbio, yule wa Arusha aliyekuwa mbele mpaka karibu na mwisho, mlima, upepo. Akawa anatikisa kichwa kama mtu anayejua mlima ni nini. Halafu pakafika pale nilipokuuliza nani alikufundisha, nawe ukasema:

"Sikufundishwa. Nilikuwaga nabebwa. Baba akimaliza kugawa mikate, kasha likawa tupu, ananitia mle ndani tunarudi nyumbani. Mie nakula makombo, namtazama mgongo. Shati limelowa jasho lote. Mpaka leo nikiwa kwenye mbio nikachoka, naufikiria ule mgongo. Wenzangu wanadhani nawafukuza wao. Mie namfuata tu Baba."

Ndege ikapita. Unasikika ukisema ngoja wapite hao wenye haraka.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena pale pa kasha." Nikarudisha. Alisikiliza mara nne. Mara ya nne midomo yake ilikuwa inafuata maneno yako. Halafu akasema kwa sauti ndogo, hakuwa ananiambia mie: "Alikuwa anamaliza makombo yote. Nilikuwa sifagii kasha."

Tulipofika mwisho nikamuuliza kama anataka tuirushe hewani. Nilimwambia wataiweka, wataipa muda wote, nikiwaambia nimeipata wataipigia na matangazo. Uamuzi ni wake.

Akafikiri. Akauliza, "Yeye alitaka nani asikie?"

"Wewe, mzee."

Akavua vile vya masikioni, akavilaza mezani polepole kama vyombo vya udongo.

"Basi imefika."

Nikamwekea sauti yako kwenye kadi ya kumbukumbu, akaichomeka kwenye kale karedio kake kadogo. Mama yako anasema huisikiliza akishaswali alasiri, chinichini, na akiingia mtu anazima. Juzi kwenye arobaini nilimwona ameketi uani na wazee wenzake. Mmoja akaanza kusema habari za mpira, nani kasajiliwa, nani kauzwa. Baba yako akasema, "Mie siku hizi michezo siifuatilii." Wakadhani ni huzuni. Labda ni huzuni. Mie nilikuwa nakusanya sahani, nikapita.

Kabla sijaondoka aliniita. Nilidhani atasema amenisamehe, au atasema hatanisamehe. Aliniuliza tu kama Tegeta kuna maji siku hizi. Nikamwambia yanatoka siku mbili kwa wiki. Akasema, "Uje. Usikae sana bila kuja." Sijui hilo ni msamaha au ni nini. Nitaenda.

Wewe siwezi kukuomba unisamehe, shoga. Wa kunijibu hayupo, na mie nimeshajibiwa kwa kicheko chako siku ile ya mitambo, ukanisamehe uongo ukidhani ni ukweli. Msamaha wa namna hiyo hauna raha. Nabaki nao tu. Nilitaka ujue. Nilitaka na hili la baba ulijue, na kwa kuwa wewe husikii, nimeliandika kwa mkono, taratibu, labda karatasi ina njia zake.

Jumapili hii wanawake wanashindana tena, kwenye barabara ile ile, safari hii itafungwa mpaka wamalize. Nimemwendea Mzee wa Dakika kuwaombea muda. Akasema nusu dakika, na hiyo ni kama mpira utaisha kwa wakati. Nimeichukua. Na nimemwambia kwamba akiikata, nitampigia simu kila mmoja wa wale wasichana, mie mwenyewe, muda ule ule, niwaambie haisomwi na sababu yake ni nini, kabla hawajawaita wazazi wao kukaa. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Akasema, "Sasa hayo yote ya nini?" Nikatoka na orodha ya majina yao.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Najua ni ndogo. Mtaa siwezi kukupa, sanamu siwezi. Lakini hakuna mtu atakayekaa tena na redio mbele yake akingoja kitu ambacho mie najua hakiji.

Lala, Hawa wa Shomari. Lala bila kusubiri.

Walioandikishwa mbio za Jumapili ni kumi na mmoja. Nimejipima hapa jikoni, nimesimama, saa ya ukutani iko mbele yangu. Nusu dakika inawatosha wote, jina la mtu na la baba yake, nikisoma bila kukimbia.

Wako,
Eliwaza